Barua ya wazi kwa wenye mamlaka: kabla bustani ya umma haijatiwa kufuli

Kwa Waheshimiwa Madiwani,
Mkurugenzi wa Halmashauri,
na Mkuu wa Idara ya Bustani na Maeneo ya Wazi.

YAH: KUSUDIO LA KUFUNGA BUSTANI YA UMMA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Waheshimiwa, tangazo lililobandikwa langoni limetaja sababu mbili: fungu la matunzo halitoshi, na bustani imekuwa hatari kwa watumiaji. Hatuji kubishia hilo la kwanza wala la pili. Mifereji imeziba, minyororo ya bembea imelika, na ukipita jioni kwenye kona ya nyuma huoni hatua tatu mbele yako. Tunachobishia ni hesabu. Makadirio yenu yamepiga gharama za bustani iliyo wazi, lakini kwa bustani iliyofungwa yameandika sifuri. Bustani iliyofungwa nayo inakula fedha.

Chukueni miti. Lango likifungwa, matawi yaliyoinamia barabara yataendelea kukauka na kuanguka juu ya wapita njia. Mfereji wa mvua unaokatisha bustani unabeba maji ya mitaa ya juu. Akikosekana mtu wa kuzoa majani kwenye wavu wake, maji yatawarudia watu majumbani, na malalamiko yatafika mezani kwenu vilevile. Nyasi zilizoachwa msimu mzima hazikatwi tena kwa mashine moja kwa moja: kwanza zinafyekwa kwa mkono, zinazolewa, ndipo mashine ipite. Zikikauka kabla ya hapo, kibiriti kimoja kinatosha. Uzio unataka ukaguzi, mlinzi anataka mshahara. Mahali pasipopita watu hugeuka jalala, na taka zilizoletwa toroli moja moja huondolewa kwa lori. Vifuniko vya chuma, koki za shaba na nyaya za taa haviwezi kukaa salama pasipo macho ya watu. Na mtoto akiruka uzio akavunjika mguu kwenye bembea mbovu, kibao cha kukataza kuingia hakitoshi kuwa utetezi wenu.

Ndiyo maana ombi letu la kwanza ni dogo: karatasi moja yenye safu mbili, gharama za kuendelea na gharama za kufunga, kwa miaka mitatu, pamoja na gharama ya kufungua tena. Hiyo ya mwisho husahaulika daima, wakati mara nyingi ndiyo nzito kuliko zote, maana vitu huharibika vikikaa bila kazi: koki hushika kutu, mizizi huingia mabombani, njia za lami humea majani kwenye nyufa.

Fedha zenyewe nazo zionekane. Mwaka 2011 jimbo la California nchini Marekani lilitangaza kwamba lingefunga hifadhi zake 70 kati ya 278 kwa kukosa fedha. Wananchi walichanga, vyama vya kujitolea vikaingia mikataba, na bunge la jimbo likapitisha sheria iliyoruhusu vyama visivyotafuta faida kuendesha hifadhi. Karibu zote zilibaki wazi. Kisha Julai 2012 ikabainika kwamba idara ya hifadhi ilikuwa na takribani dola milioni 54 katika mifuko miwili, fedha ambazo haikuwa imeziripoti kwa wasimamizi wa bajeti. Hatusemi hapa pana fedha zilizofichwa. Tunasema watu wanaoombwa kutoa jasho lao waoneshwe daftari lote kwanza.

Halafu kuna yale maneno "kwa muda" kwenye tangazo. Kwa muda mpaka lini? Kufunga kusiko na tarehe ya kufungua ni kufunga moja kwa moja, na eneo ambalo halina watu wa kulisimamia ni rahisi kumegwa. Mwaka 1989 ulipoibuka mpango wa kujenga jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, Nairobi, Wangari Maathai alianza na barua kwa ofisi moja baada ya nyingine, akidai maelezo. Alitukanwa hadharani, lakini jengo halikujengwa na bustani ipo. Barua zile zilikuwa na nguvu kwa sababu bustani ilikuwa na watumiaji. Basi tunaomba nakala ya ramani ya mipaka na hati ya matumizi ya ardhi, na mpima atuoneshe mawe ya mipaka yalipo. Yaliyong'olewa yarudishwe kabla ya jambo jingine lolote. Hii ni kazi ya siku moja, na inazuia kesi ya miaka.

Sasa tuje kwenye matunzo.

Bili ya maji ndiyo mahali pa kuanzia kubana matumizi, na hakuna haja ya mtaalamu. Jioni, koki zote zikishafungwa na vyoo vimeacha kujaza matangi, soma mita na uandike tarakimu zote, pamoja na zile nyekundu za mwisho. Rudi baada ya muda wa saa mbili bila mtu yeyote kugusa maji. Tarakimu zikiwa zimesogea, panavuja. Funga valvu ya vyoo, soma tena. Ikisimama, tatizo liko chooni, ikiendelea, liko kwenye bomba la ardhini. Chooni, tia rangi ya chakula ndani ya tangi usubiri dakika 10 bila kuvuta maji. Rangi ikionekana kwenye bakuli, kipira cha chini hakizibi. Koki inayodondosha tone moja kila sekunde hupoteza zaidi ya lita 11,000 kwa mwaka, na dawa yake kwa kawaida ni kipira kimoja kidogo cha ndani. Kazi hii tunaiweza, mradi tupewe ufunguo wa kisanduku cha mita na ruhusa ya kugusa valvu. Kwa sasa hatuna vyote viwili.

Upande wa michezo ya watoto, tangazo limesema tu "vifaa vimechakaa". Kuchakaa si kipimo. Bembea inakaguliwa mahali panaposuguana: pete ya mnyororo huliwa ndani, pale inapokaliana na pete mwenzake, kwa hiyo ukiitazama ubavuni utaiona nzima. Legeza mnyororo, zitenganishe pete kwa vidole, tazama kwenye tumbo la pete. Theluthi moja ya unene ikiwa imekwenda, sisi tunaishusha bembea siku hiyohiyo. Ndoano za umbo la S zinazoshika mnyororo zinatakiwa ziwe zimebanwa kabisa. Uwazi unaozidi milimita moja unatosha kunasa uzi wa nguo au kuiacha ndoano itoke yenyewe. Kisha kuna uwazi kati ya nguzo na kati ya ngazi: ukiwa kati ya sentimita 9 na 23, mwili wa mtoto mdogo unaweza kupita na kichwa kikakwama. Huo ndio unaoua, wala hauonekani kwa macho ya haraka. Tunatumia vipande viwili vya mbao vilivyokatwa kwa vipimo hivyo: kidogo kikipita na kikubwa kisipite, kifaa kinafungwa mpaka kirekebishwe.

Chini ya vifaa, udongo uliokanyagwa na nyasi havitoshi kupokea mtoto anayeanguka. Vipande vya mbao vinamwagwa kwa kina cha sentimita 30, maana vitashindiliwa mpaka 23 hivi, na vienee angalau mita 1.8 kuzunguka kifaa. Kwa bembea eneo huongezeka: mbele na nyuma, mara mbili ya urefu kutoka ardhini mpaka kwenye boriti inapofungiwa bembea. Kosa la kawaida ni kumwaga mara moja na kusahau. Miguu ya watoto huchimba shimo chini ya kila kiti cha bembea, na hapo ndipo wanapoangukia. Reki, dakika kumi, kila wiki. Vipande hivyo mnavyo tayari: kila kontrakta wenu anapopogoa miti ya barabarani hulipwa pia kusomba matawi hadi dampo. Mwagizeni ayasage na kuyamwaga bustanini. Kwa uwanja wa mita 10 kwa 12 zinahitajika mita za ujazo 36 hivi, yaani malori kadhaa ambayo leo mnayalipia yakatupwe. Yachunguzwe tu yasiwe na mbao zenye misumari, rangi au dawa.

Kuhusu usalama wa jioni, kabla ya kununua taa, kateni vichaka. Bryant Park ya New York iliwahi kutawaliwa na wauza dawa za kulevya, na mtafiti William H. Whyte alipoichunguza alionesha kwamba ua mrefu wa mimea na kuta ziliificha isionekane na watu wa barabarani. Ilifungwa mwaka 1988 ikafanyiwa ukarabati, ikafunguliwa tena 1992 ikiwa na milango zaidi, ua ulioshushwa na viti vya kuhamishika. Angalieni tofauti: ilifungwa na mchoro wa ukarabati mkononi. Kipimo tunachopendekeza ni rahisi, vichaka visizidi mita moja, na matawi ya chini ya miti yaanzie juu ya mita mbili, ili mtu aliyesimama njiani aone mpaka uzio wa upande wa pili. Taa iwekwe baada ya hapo. Taa kali nyuma ya kichaka hutengeneza kivuli kizito zaidi, na mwovu hukaa kivulini akiwaona wote.

Upogoaji una namna yake, nasi hatutaki kukabidhiwa panga. Tawi nene hukatwa mara tatu. Mkato wa kwanza ni kutoka chini, sentimita 30 hivi kutoka kwenye shina, theluthi ya unene. Wa pili ni kutoka juu, mbele kidogo ya ule wa kwanza, na tawi huanguka bila kuchuna ganda la shina. Wa tatu huondoa kisiki kilichobaki, nje kidogo ya ule uvimbe ulio shingoni mwa tawi. Ukikata ndani ya uvimbe, jeraha halizibi. Ukiacha kisiki kirefu, kinaoza na uozo unaingia shinani. Rangi au lami juu ya jeraha haisaidii. Uyoga ukiota kwenye kitako cha mti, au udongo ukiinuka upande mmoja na mti umeanza kuegemea upande wa pili, hapo sisi tunaweka utepe, tunapiga simu, tunakaa mbali.

Na hapo ndipo tunapofika kwenye mambo tusiyoyaweza, ambayo tunaomba yaandikwe kwa herufi kubwa kuliko yale tunayoyaweza. Hatupandi juu ya miti. Hatufanyi kazi yoyote ya msumeno wa mashine kwenye ngazi. Hatugusi kisanduku cha umeme, hatufungui shimo la maji taka, hatupulizi dawa za kuua magugu, hatulindi usiku. Na wale watunza bustani wenu wawili wasiondolewe kwa kisingizio kwamba wananchi wamejitolea. Mtu wa kujitolea anaugua, anasafiri, anapata kazi mji mwingine. Haandiki barua ya kujiuzulu, haji tu. Mpango unaomtegemea yeye peke yake hufa msimu wa pili.

Hesabu yetu ni hii. Watu 12, saa tatu, Jumamosi mbili za mwezi: saa 72. Zinatosha kuzoa majani kwenye nyavu zote za mifereji kabla ya mvua na wakati wa mvua, kureki uwanja wa watoto, kushusha vichaka, kuokota taka, kukagua bembea na mita. Hazitoshi kukata nyasi zote, na hatutaahidi. Badala yake tunapendekeza msikate zote: kateni uwanja wa kuchezea, sehemu za kukaa na ukanda wa mita moja kila upande wa njia, mteremko wa nyuma uachwe urefuke na ukatwe mara mbili kwa mwaka, mara moja lazima iwe kabla ya kiangazi kwa ajili ya moto. Ule ukanda uliokatwa vizuri kando ya njia una kazi nyingine pia. Mtu akiona nyasi ndefu zenye mpaka ulionyooka, anaelewa ni mpango. Zikikosa mpaka, anaelewa mahali pametelekezwa, naye anatupa chupa yake hapohapo.

Tunaomba pia mwaka wa kwanza usiwe na sherehe ya kupanda miti. Tunajua inapendeza kwenye picha. Mche mmoja unataka lita 20 hadi 40 za maji kwa wiki wakati wa kiangazi, yakimwagwa polepole, kwa miaka miwili. Miche 200 kwa siku moja ni kazi ya lori la maji, si ya ndoo. Pia kwenye sherehe hizo ndiko watu hurundika matandazo, yaani majani au vipande vya mbao vya kufunika udongo, mpaka kwenye shina kama kichuguu, ganda likaoza kwa unyevu. Matandazo ni unene wa sentimita 5 hadi 10, na kuzunguka shina pabaki wazi kama upana wa kiganja. Tupande michache ya kuziba mapengo, kila mche na jina la mwenye zamu ya maji.

Kuhusu makubaliano: tunataka ya maandishi, si kupeana mikono mbele ya kamera. Central Park Conservancy, shirika lisilotafuta faida, ilianzishwa mwaka 1980 kuifufua bustani ya Central Park, lakini mkataba rasmi wa uendeshaji na jiji la New York ulitiwa saini mwaka 1998. Waliweza kungoja kwa sababu bustani ile imezungukwa na majirani matajiri wanaochangia. Bustani nyingi duniani hazina majirani wa namna hiyo, kwa hiyo msitusomee mfano huo mkitarajia michango ijaze pengo lote. Mfano ulio karibu zaidi na hali yetu ni wa Kenya, ambako Sheria ya Misitu ya mwaka 2005 iliruhusu vyama vya jamii kushiriki kusimamia misitu ya umma, na msitu wa Karura, ambao miaka ya 1990 ulikuwa umegawiwa vipande kwa wajenzi, leo una njia za kutembea na za baiskeli zinazotunzwa kwa ubia wa serikali na wananchi. Ardhi ilibaki ya umma. Hilo ndilo sharti letu pia: tunaomba kutunza, hatuombi kumiliki, na kiingilio kibaki bure.

Ndani ya mkataba tungependa kuona ramani iliyogawanywa kwa rangi, kila rangi na mwenye jukumu. Bima inayowagusa watu wa kujitolea wakiwa kazini. Stoo ya vifaa na orodha ya wenye funguo. Jina la ofisa mmoja, si idara, anayepokea taarifa za hatari, na muda wa kujibu. Siku moja kwa jambo la hatari, siku kumi kwa mengine. Mahali pa hatari pafungwe pekee yake, kwa uzio wa muda, bila kufunga bustani nzima. Na upande wowote ukitaka kujitoa, utoe notisi ya siku 90. Kifungu cha jibu la siku moja ndicho tutakachokishikilia kuliko vyote. Tawi lililoripotiwa likakaa miezi mitatu linawafukuza wanaojitolea haraka kuliko uchovu, maana wanajiona kama wanaongea na ukuta.

Mwisho, hakuna anayejua ni watu wangapi wanaitumia bustani hii, ninyi wala sisi. Tangazo limesema "wachache". Tunapendekeza tuhesabu pamoja kabla ya uamuzi: siku mbili za kazi na siku mbili za mwishoni mwa wiki, kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 12 jioni, kwenye kila lango. Hesabu dakika 15 za kwanza za kila saa, zidisha kwa nne. Wanaoingia tu ndio wahesabiwe, wanaotoka wasihesabiwe, la sivyo kila mtu anakuwa wawili. Andika watoto, wazee, wenye viti vya magurudumu na wanaopita njia ya mkato kwa safu tofauti. Hao wa mkato nao ni watumiaji, maana njia ikifungwa watazungukia barabara ya magari. Siku ya mvua kubwa irudiwe. Karani mmoja wenu na mtu mmoja wetu kila lango, wasaini fomu moja, tusije tukagombania takwimu baadaye.

Tunaomba kufungwa kusimamishwe kwa miezi 12, mkataba wa majaribio usainiwe, na tathmini ifanyike mwezi wa tisa wa majaribio ili uamuzi uingie kwenye bajeti inayofuata badala ya kuja baada yake. Tunaomba pia kikao cha kukagua bustani kwa miguu ndani ya siku 14, aje ofisa mwenye mamlaka ya kusaini, fundi maji na mpima. Sisi tutakuja na ramani, daftari la ukaguzi, vile vipande viwili vya mbao, na orodha ya majina ya zamu za miezi mitatu ya kwanza. Kikao kianze saa 10 jioni, mwanga ukiwa bado upo, na kiishe giza likishaingia, ili kona ya nyuma muione wenyewe.

Wenu katika kazi,
Watunzaji wa kujitolea wa bustani

Nakala: Mbao za matangazo, malango yote ya bustani.